Kabla Hujanunua Drili ya Betri, Ipime Betri Yake Kwenye Mizani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro, anayeanza kutengeneza makabati uani kwao, aliniandikia ujumbe wa heshima nyingi. Aliuliza kama drili ya betri iliyoandikwa 88V, inayouzwa shilingi 95,000 pamoja na betri mbili na sanduku lililojaa biti, si bora kuliko ile ya 18V ambayo duka la pili wanaitaka laki tatu na nusu bila hata biti moja. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu miaka mitano iliyopita swali hilohilo nililijibu mwenyewe bila kumwuliza mtu yeyote, na nikalijibu vibaya.

Wakati huo nilikuwa bado mwajiriwa wa ofisini, na useremala niliufanya jioni na siku za mapumziko katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yangu, Mbagala. Nilipopata kazi yangu ya kwanza ya maana, makabati ya jiko la mama mmoja wa Kigamboni, nilikwenda Kariakoo nikiwa na malipo ya awali mfukoni, nikazunguka maduka ya vifaa upande wa Gerezani mpaka miguu ikauma, na mwishowe nikanunua drili kwa sababu ya namba iliyoandikwa ubavuni mwake. Iliandikwa 48V. Niliamini kwamba 48 ni kubwa kuliko 18, hesabu ambayo mtoto wa darasa la kwanza haikosei. Muuzaji aliizungusha hewani mbele yangu, ikavuma vizuri, nami nikalipa. Kuzunguka hewani hakujawahi kuishinda drili yoyote duniani.

Siku ya kufunga makabati nilianza vyema. Matundu matatu ya kwanza yaliingia kwenye tofali kama kwenye embe bivu, nikagonga rolplagi zangu, nikakaza skrubu. Tundu la nne lilikutana na lenta, ule mkanda wa zege ulio ukutani. Drili ililia, ikapunguza mwendo, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa jikoni. Nilibadilisha betri, nikahamia kwenye skrubu za bawaba nikidhani nitairudia zege baadaye, na betri ya pili ikazima nikiwa sijafikisha skrubu ya kumi. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Fundi bomba aliyekuwa akifunga sinki alinyanyuka bila kusema neno, akaniletea drili yake ya umeme na waya wake mrefu, na ndiyo iliyomaliza kazi. Yule mama aligeuka kuondoka akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe fundi mwenyewe ni huyu wa bomba."

Alinilipa fedha zangu zote. Nimeshafunga majiko mengi tangu hapo, nimeacha kazi ya ofisi, nina vijana wawili ninaowafundisha, na kauli ile bado inanichoma.

Usiku ule nilifungua betri moja mezani. Skrubu nne zilitoka, nikainua mfuniko, na ndani nilikuta seli tano zimejipanga upande mmoja, na upande wa pili nafasi tupu ambayo ingetosha seli nyingine tano. Betri hiyo ilikuwa imeandikwa 6Ah, na Ah ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba. (Usinifuate katika hili. Pete yangu iligusa nguzo mbili za betri, chanya na hasi, kwa wakati mmoja, na alama ya moto ninayo kidoleni hadi leo.) Hapo ndipo nilipojifunza hesabu ambayo ingeniokoa. Seli moja ya lithiamu ya aina hii hubeba volti 3.6 kwa kawaida, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Seli tano zikifuatana mstari mmoja hutoa volti 18, na zikijaa hutoa 21. Ndiyo maana drili za 18V, 20V na 21V mara nyingi ni kitu kimoja chenye majina matatu. DeWalt, kampuni ya kutengeneza drili, wenyewe huiita betri ileile 18V Ulaya na 20V Marekani, bila kudanganya mtu, kwa kuwa mmoja anataja volti za kawaida na mwingine volti za betri iliyojaa. Lakini seli tano haziwezi kutoa 48, wala 88, hata zikiombewa dua.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na karibu wa pekee, ni kwamba unanunua betri, na drili inakuja pamoja nayo. Seli ya ukubwa ulio katika betri nyingi za drili ina uzito wa gramu 45 hivi. Betri ya seli tano, pamoja na gamba lake, hukaa kwenye gramu 300 na kitu, na hiyo ni betri ya kweli ya 1.5Ah au 2Ah. Betri ya 4Ah au 5Ah yenye safu mbili, yaani seli kumi, huvuka gramu 600. Ukiambiwa ni 6Ah huku mkono wako unahisi umeshika kipande cha sabuni, umeshajibiwa. Namba za karatasini unaweza kuzichapisha upendavyo, ila uzito haukubali kuchapishwa.

Kuhusu nguvu ya kukaza, tazama kipimo cha Nm (nyutonimita) katika kitabu cha maelezo. Kampuni zinazojiheshimu huandika namba mbili, moja ya kazi laini na nyingine ya kazi ngumu. Mimi ninayefanya kazi na mninga na mkongo nimeona kwamba drili ya Nm 50 hadi 60 inanitosha kabisa, mradi nimetoboa tundu dogo la kuongoza skrubu. Kwa nyumbani, kwa fimbo za pazia na bawaba za mlango, Nm 30 za kweli zinatosha. Hakikisha ina gia mbili, ya polepole kwa skrubu na ya haraka kwa kutoboa. Mota isiyotumia kaboni, vile vipande vinavyosuguana ndani ya mota na kulika, hutumia chaji vizuri zaidi na haina kaboni za kubadilisha, nayo huongeza bei. Ukiweza, chukua. Pia funga biti ndefu katika taya zake, izungushe taratibu na uitazame ncha: ikichora duara badala ya kusimama mahali pamoja, irudishe kaunta.

Babu yangu, aliyeunda majahazi, alitoboa mbao kwa keekee ya upinde na kamba, na tundu lake lilinyooka kuliko la mashine nyingi ninazoziona leo. Drili ya betri ya kwanza kuuzwa ilitoka Black & Decker mwaka 1961, babu akiwa bado kazini, na sidhani kama habari hizo zilimfikia au zingemshughulisha.

Sasa niseme jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia. Drili ya betri yenye alama ya nyundo haikutengenezwa kwa ajili ya zege. Ndani yake kuna visahani viwili vyenye meno vinavyosuguana, na nguvu yote ya kusukuma inatoka begani mwako. Kwa tofali na plasta inafaa, lakini kwa lenta na nguzo tafuta mashine ya SDS, ambayo pistoni yake hubana hewa na kupiga yenyewe. Ninayo moja ya waya, na siku ya kazi ya ukutani haibaki nyumbani. Kijana anayekwenda kwa mteja na drili moja tu, akitumaini ukuta utamhurumia, anajitafutia maneno kama yale niliyoambiwa mimi, na fedha alizookoa Kariakoo atazilipa kwa sifa yake. Tunapenda mno sanduku lililojaa biti, vimulimuli na zawadi. Biti tano nzuri nilizonunua moja moja zimefanya kazi kuliko masanduku yote niliyowahi kupewa bure.

Chagua pia ukoo wa betri ambao utakaa nao, kwa sababu betri ya Makita haiingii katika mashine ya Bosch, na msumeno utakaoununua mwakani utadai betri ileile. Kuwa nazo mbili, umeme usije ukakatika ukiwa na mlango mmoja mkononi. Usiweke betri ya moto kwenye chaja, iache ipoe kwanza.

Haya yote nilimwandikia yule kijana, kwa urefu kuliko alivyotarajia. Jana alinijibu kwamba alikwenda dukani na mizani ya jikoni ya mama yake. Betri ya 88V, iliyoandikwa 6Ah, ilisoma gramu 290. Muuzaji alimwambia aondoe mizani yake juu ya kaunta.