Wasomaji Wanauliza: Shamba la Zamani Iowa

SWALI: Tunaishi Des Moines. Tunataka kuwapeleka watoto na bibi yao, aliyelima mahindi Kivu Kusini maisha yake yote, kwenye makumbusho ya Living History Farms pale Urbandale. Twende lini, na tuanzie wapi?

JIBU: Msimu wa wageni ni Mei hadi Oktoba, lakini chagueni kazi kwanza, tarehe baadaye. Mei ni kulima na kupanda, Juni palizi, Julai ngano, Oktoba kuvuna mahindi. Pigeni simu mkaulize siku hiyo kuna kazi gani. Mvua ikiwa imenyesha, farasi hawaingizwi shambani, kwa kuwa udongo uliolowa ukikanyagwa hushindiliwa na kukauka mabonge.

Mahali penyewe ni ekari 500, basi tengeni muda wa saa tatu au nne na bibi avae viatu vya kutembelea. Pandeni tela la trekta mapema kwenda mashambani. Mji wa Walnut Hill, uliojengwa kwa sura ya mwaka 1876, uwe wa mwisho, mkishachoka jua.

Kwa ajili ya bibi, anzieni shamba la Wahindi Wekundu wa Ioway la mwaka 1700. Jembe lao lilikuwa mfupa wa bega la baisani (nyati wa Amerika) uliofungwa kwenye mpini. Mahindi, maharage na maboga yalikaa pamoja kwenye vilima vidogo vya udongo. Bibi atajua bila kuambiwa kwamba maharage husubiri: yakitiwa siku moja na mahindi, huyakwea mahindi yangali machanga na kuyalaza.

Shamba la 1850 ni la maksai. Hawa ni wazito wa mwendo kuliko farasi, ila hushiba majani tu na huvuta bila papara pale plau inapokata mizizi ya nyasi za mbuga. Shamba la 1900 ni la farasi wakubwa wa kukokota. Watoto wasipite nyuma yao, hata wakiwa wamesimama wametulia.

SWALI: Nimeona picha ya shamba la 1900 la huko, mashina ya mahindi yamenyooka kwa urefu na kwa upana. Walipimaje?

JIBU: Kwa waya wenye mafundo. Ulitandazwa kutoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine na kufungwa kwenye vigingi, fundo na fundo likiachana kama inchi 40, upana wa kumpitisha farasi. Mashine ya kupandia ilikwenda sambamba na waya. Kila fundo lilipogonga uma wa pembeni, mbegu 2 hadi 4 zilidondoka katika kila mstari. Mwisho wa shamba mtu alishuka, akahamisha kigingi, akageuza farasi.

Shida kubwa ilikuwa mvuto wa waya. Ukikazwa sana upande mmoja na kulegezwa upande wa pili, mafundo husogea na mashina hayakutani tena. Mistari kunyooka kwa upana pia ndiko kulikokuwa na faida: dawa za magugu hazikuwapo, kwa hiyo palizi ya farasi ilipita kwa urefu, kisha ikakatiza. Mistari ikipinda, majembe ya palizi hung'oa mahindi yenyewe, na aliyekaa juu ya mashine hana la kufanya ila kuinua majembe na kuyaacha magugu yaliyo katikati ya mashina.