Njia ya miguu na baiskeli darajani: je, inaweza kusubiri?

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya mipango ya mji. Daraja jipya la barabara kuu linasanifiwa, na mhandisi mshauri anapendekeza njia ya waenda kwa miguu na baiskeli iondolewe ili gharama ipungue. Anasema itaning'inizwa pembeni baadaye kwa mikono ya chuma, kwa kuwa watu ni wepesi mno wakilinganishwa na malori. Je, ushauri huu ni sahihi?

Jibu: Ndugu mjumbe, si sahihi, na kinachoniudhi ni kwamba hoja hii naikuta mara kwa mara, tena midomoni mwa watu wenye vyeti vya uhandisi.

Lori ni zito, hilo halina ubishi, lakini hutembea likiacha pengo mbele na nyuma yake, ilhali umati wa watu hujaza kila nafasi iliyopo. Ndiyo maana kanuni za usanifu za Marekani humtaka mhandisi ahesabu takriban kilo 366 kwa kila mita ya mraba ya njia ya miguu iliyo kwenye daraja la magari, huku mzigo uliotandazwa kwenye njia ya magari, kabla ya kujumlisha lori la usanifu (lori la mfano linalotumika katika hesabu), ukiwa takriban kilo 310 kwa eneo hilohilo. Kanuni za Ulaya, kwa umati uliosongamana, hufikia kilonyutoni 5 kwa kila mita ya mraba, yaani uzito wa zaidi ya kilo 500. Mnamo Mei 24, 1987, daraja la Golden Gate la San Francisco, Marekani, lilipotimiza miaka 50, magari yalizuiwa na mamia ya maelfu ya watu wakajazana juu yake. Sakafu yake, ambayo kwa kawaida huinuka katikati, ikalala ikawa bapa. Daraja lilihimili, lakini hiyo haikuwa kazi ya watu wepesi.

Sasa uchukue mzigo huo uuweke pale mshauri wenu anapotaka kuuweka. Njia yenye upana wa mita 3 inaweza kubeba zaidi ya tani moja ya watu kwa kila mita ya urefu, bila kuhesabu uzito wa njia yenyewe wala upepo unaosukuma kingo zake, na yote hayo yananing'inia nje ya mhimili wa pembeni kabisa. Mhimili huo haubebi tu uzito zaidi. Unasokotwa pia, jambo ambalo halikuwamo katika hesabu zake. Kuuimarisha baadaye maana yake ni kupanda jukwaa chini ya daraja lenye magari, kutoboa au kuchomelea chuma ambacho tayari kina uchovu wa miaka ya malori, kisha kurudi kwenye nguzo na misingi kuuliza kama nayo inakubali. Anayeuza kazi hiyo kama kazi ya fundi wa geti hajaifanya, au ameifanya akaondoka kabla ya ukaguzi.

Auckland, nchini Nyuzilandi, inajulikana sana katika suala hili. Daraja la bandari lilifunguliwa mwaka 1959 bila njia ya miguu, baada ya mpango kupunguzwa kwa sababu za gharama. Mwaka 1969 ziliongezwa njia za magari pande zote mbili, na nyongeza hizo baadaye zikalazimu kuimarishwa. Waenda kwa miguu walibaki wakisubiri, hadi mwaka 2021 serikali ilipotangaza daraja la pekee kwa ajili yao na baiskeli, kwa dola milioni 785 za nchi hiyo, kisha ikalifuta mwaka huohuo.

Ipo hali moja ambapo naweza kukubali njia hiyo iachwe. Daraja la Queensferry huko Scotland, lililofunguliwa mwaka 2017, halina njia ya miguu kwa sababu daraja la barabara la mwaka 1964 lililo jirani yake lilibakishwa kwa ajili ya mabasi, baiskeli na watembeao. Kama ninyi hamna daraja la pili, hoja hiyo haiwahusu. Kuchora mstari wa rangi kwenye bega la barabara nako si jibu, maana rangi haizuii gurudumu la lori.

Kwa hiyo msiridhike na neno "baadaye" katika ripoti ya mtu yeyote, awe mshauri wenu au mwingine atakayekuja na bei ya chini zaidi. Kama fedha kweli hazitoshi, kinachoweza kusubiri ni lami ya juu, taa na vyuma vya kingo. Upana wa vichwa vya nguzo, uwezo wa mihimili na misingi havisubiri, na lazima vionekane kwenye michoro iliyotiwa saini, pamoja na hesabu zake. Angalieni pia maungio ya kutanuka, yaani mapengo yanayoipa sakafu nafasi ya kutanuka na kusinyaa: sakafu inapopoa husinyaa, meno ya chuma huachana, na pengo ambalo tairi la gari halilihisi humeza tairi la baiskeli, hivyo njia yao huhitaji bamba la kufunika lisiloteleza. Vyuma vya mitaro ya maji navyo vilazwe kukingama na mwendo. Mwisho, ulizeni ardhi ya kuingilia darajani kila upande itatoka wapi, kwa sababu mwinuko unaozidi asilimia 5 unaweza kumshinda mwenye kiti cha magurudumu, na njia ya taratibu huhitaji urefu ambao, ukishauziwa mwingine, hamtaupata tena.