Uliza Mama Mwalimu: Msimamizi hataki Kiswahili darasani

SWALI: Jambo Mama Mwalimu. Niko mwaka wa mwisho, idara ya Kiingereza, hapa Lubumbashi. Mwezi ujao naanza staji, yaani mazoezi ya kufundisha, kwenye sekondari moja. Msimamizi amesema akisikia neno la Kiswahili kwenye somo langu atanikata alama. Darasa lina watoto zaidi ya 70, vitabu hakuna. Nitafanyaje?
Mwanastaji, Katuba

JIBU: Mwanangu, msimamizi wako hakuitunga hiyo sheria, ameirithi. Mwaka 1961 wataalamu wa Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, na kauli iliyotoka pale ni kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tu. Mwaka 1992 mtaalamu wa lugha Robert Phillipson aliiweka kauli hiyo kati ya dhana tano potofu za mkutano ule. Sisi Wakongo hata Madola hatumo, lakini sheria imetufikia na fimbo yake.

Hata hivyo, usije ukatafsiri kila sentensi. Watoto wakijua Kiswahili kinakuja, Kiingereza watakiacha kipite.

Kwa mfano, chukua mazungumzo ya dereva wa lori na afisa wa forodha pale Kasumbalesa. Ukivuka tu uko Zambia, na huko Kiingereza ndiyo lugha ya serikali. Watoto wako wana wajomba wanaopita pale. Toa agizo kwa Kiingereza, kwa maneno machache. Mwite mtoto mmoja mbele, ucheze naye: "Where are you going?" "To Kitwe." "What are you carrying?" Kisha uliza kwa Kiswahili: "Nani atuambie tunafanya nini?" Akijibu mmoja, hata wa nyuma kabisa wameelewa. Basi, Kiswahili kimekwisha. Kila dawati lizungumze, nawe upite ukisikiliza. Dawati la watatu? Wa tatu awe abiria anayelalamika kucheleweshwa. Kelele zitakuwa nyingi. Za Kiingereza usizizime.

Kuhusu alama: kwenye fishi ya matayarisho, ile karatasi ya mpango wa somo, mbele ya hatua ile, andika kwamba Kiswahili kitatumika sekunde 30 kuhakikisha agizo limeeleweka. Mpelekee msimamizi kabla ya somo, aone umepanga, hukukimbilia. Akikataa, siku atakayokuja eleza kwa mikono na picha ubaoni. Usibishane naye. Ukishapata diploma, darasa litakuwa lako.