Ninunue ile apatimenti ya Magomeni?
Dada uliyeuliza kama uchukue ile ya vyumba viwili Magomeni hapa Dar es Salaam iliyofanyiwa ukarabati, eneo kweli linapanda, mabasi ya mwendokasi ya Morogoro Road yapo pale tangu 2016 na Kariakoo ni pua na mdomo, ila mvua ikikolea Jangwani, lile bonde la katikati ya Magomeni na mjini, panafungwa na mjini unazungukia mbali, hilo dalali hatakwambia.

Sasa ukarabati. Mimi niliwahi kuonyeshwa moja hivyohivyo, tailizi zinang'aa, jipsam mpya, taa za rangirangi mpaka nikaanza kupanga sofa kichwani, nikafungua kabati la chini ya sinki nikakuta ukuta umevimba, ukibonyeza kwa kidole rangi inabanduka kama ganda la yai na nyuma yake paipu ileile ya zamani imeshika kutu. Kwa hiyo nenda na fundi wako, sio wa muuzaji, na nenda asubuhi watu wote wakiwa wanaoga ufungue bomba uone kama maji yanafika huko juu au linakoroma tu. LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) uliza ni yako peke yako au mnachangia na jirani (ugomvi wake huo, acha tu).

Halafu hati. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo (Unit Titles Act) inaruhusu kila apatimenti kuwa na hati yake, ukiambiwa hati ni ya jengo zima na wewe utapewa mkataba tu wa mauziano, usitoe hata advansi.