Kabla hujalalamika kwamba redio ya klasiki imeharibika

Msomaji mmoja ameniandikia akiwa na hasira. Ni msikilizaji wa siku nyingi wa BBC Radio 3, kituo cha muziki wa klasiki cha Uingereza, na anasema viwango vimeshuka mno: watangazaji wanapiga soga, simfonia (zile kazi ndefu za okestra zenye sehemu kadhaa) zinakatwakatwa, kila kitu siku hizi ni cha kutuliza akili. Alipeleka malalamiko, akajibiwa aya tatu za adabu zisizo na kitu ndani. Anauliza afanyeje.

Aandike upya, na safari hii alalamikie jambo moja. Ukisema "viwango vimeshuka", anayeipokea barua ofisini hana cha kukagua wala cha kurekebisha, kwa hiyo anakurudishia maneno matamu. Humo ndani kuna malalamiko manne, na kila moja lina ushahidi wake: kazi za muziki kupigwa vipande vipande, maneno ya mtangazaji, ubora wa sauti yenyewe, na uchaguzi wa muziki. Ukiyarundika pamoja, lile dhaifu linaliangusha lenye nguvu.

Vipande kwanza, maana hapo ndipo wasikilizaji wengi wana hoja. Simfonia ya 5 ya Beethoven huchukua dakika 30 hadi 35, kutegemea kasi ya kondakta na kama anarudia panapotakiwa kurudiwa. Sehemu ya kwanza peke yake ni dakika 7 au 8. Simfonia ya 4 ya Brahms ni kama dakika 40, na ya 3 ya Mahler huvuka 90. Basi usisome jina la kazi tu kwenye orodha ya muziki uliopigwa. Angalia ilianza saa ngapi na inayofuata ilianza saa ngapi. Brahms ya 4 iliyoanza 7:12 ikafuatwa na kazi nyingine 7:24 haikupigwa yote, hata kama orodha haisemi hivyo.

Fahamu pia kwa nini wanakata, ili usijibiwe kirahisi. Usikilizaji wa redio Uingereza hupimwa na RAJAR, na mtu huhesabiwa kuwa msikilizaji wa kituo kwa wiki hiyo akisikiliza angalau dakika 5. Kwa hesabu hiyo ya vichwa, aliyekaa na simfonia ya Bruckner saa nzima na dakika 20 ni sawa na aliyepita akasikia wimbo mmoja jikoni. Tofauti yao inaonekana kwenye hesabu ya saa za kusikiliza tu. Mpanga ratiba anayebanwa kuongeza vichwa atavutiwa na vipande vifupi, ambavyo mtu anaweza kujiunga navyo wakati wowote. Kwa hiyo ukijibiwa kwamba wasikilizaji wameongezeka, uliza: na saa je?

Ushahidi unakusanywa hivi. Chagua kipindi kimoja, saa mbili zilezile, Jumatatu hadi Ijumaa. Chora safu sita: saa ya kuanza, saa ya kuisha, kazi na mtunzi, nzima au kipande, wapigaji walitajwa au la, na sekunde za maneno kabla ya kazi inayofuata. Tumia saa ya simu kupima sekunde, usikisie. Mtu aliyekasirika huisikia dakika moja kama tatu. Matangazo ya vipindi vijavyo yape alama yake, maana hayo hupangwa na kituo na si kosa la mtangazaji. Saa ziandike kwa mtindo wa ratiba yao, 7:12 na siyo saa moja na dakika kumi na mbili, la sivyo watatafuta rekodi ya wakati mwingine kabisa.

Watu wengi huharibu kazi hii kwa kulinganisha asubuhi ya leo na kumbukumbu ya jioni za zamani. Kipindi cha asubuhi kimetengenezwa kwa vipande vifupi. Kukikuta navyo si ugunduzi. Kumbukumbu nayo huhifadhi yale matamasha matamu na kutupa alasiri zilizochosha. Dawa ipo, na ni ya bure: hazina ya mtandaoni ya BBC Genome ina ratiba zilizochapwa katika gazeti la Radio Times kuanzia 1923 hadi 2009. Tafuta wiki ileile ya mwaka unaouona wewe kuwa wa dhahabu, saa zilezile, ulinganishe. Kumbuka tu kwamba hiyo ni ratiba iliyopangwa, na mara nyingine matangazo yalibadilika, tena kiasi cha maelezo kilichochapwa hakikuwa kilekile miaka yote. Kama gazeti limetaja jina la kipindi bila kazi zilizopigwa, usijaze pengo kwa kudhania.

Kuhusu maneno ya mtangazaji, idadi ya sekunde pekee haitoshi. Sekunde 90 zinazokueleza kwa nini fidla ya pili inaingia peke yake ni mali. Sekunde 25 za hali ya hewa na "mnaamkaje huko" zinaweza kuwa upotevu, lakini hiyo ni ladha, na kwa ladha utajibiwa kwa ladha. Lalamikia linalopimika: kondakta hakutajwa kabla wala baada, au mtangazaji aliingia juu ya muziki. Simfonia ya 6 ya Tchaikovsky inaishia kwenye besi zinazofifia hadi husikii kitu. Sauti ya mtu ikiingia sekunde moja baada ya hapo, mwisho wa kazi umeliwa. Andika tarehe, saa na sekunde. Barua ya namna hiyo mhariri anaweza kuifungulia rekodi akasikiliza mwenyewe.

Sauti ndiyo watu wanaikosea zaidi, kwa sababu lawama nyingi ni za kifaa cha nyumbani. Vituo huibana sauti kabla ya kurusha: palipo chini panainuliwa, palipo juu panashushwa. Kwenye gari hilo ni msaada, maana mngurumo wa barabara ungemeza filimbi yote. Kwenye chumba kimya ni balaa, kwa sababu ala zikinyamaza mtambo unainua kilichobaki, na ghafla unasikia kikohozi cha safu ya nne na upepo wa ukumbi vikipanda kama vimesogezewa maikrofoni. Kipimo kizuri ni Boléro ya Ravel: dakika kama 15, inaanza na ngoma ndogo kwa mbali sana na kumalizika okestra nzima ikipiga kwa nguvu zote. Kama mwanzo na mwisho vinakaribiana kwa sauti, pamebanwa.

Ila kabla ya kuandika, kagua kwako. Zima mpangilio wa usiku na kila kinachosawazisha sauti kwenye redio, simu au spika. Kisha badili njia ya kupokea. Kwenye redio ya dijitali ya DAB, Radio 3 imekuwa ikirushwa kwa kilobiti 192 kwa sekunde kwa mfumo wa zamani wa MP2. Kwenye intaneti hupatikana kwa kilobiti 320 kwa mfumo wa AAC, ambao unahifadhi sauti vizuri zaidi hata kwa kilobiti chache. Kama tatizo linatoweka ukihamia intaneti, lalamiko lako ni kuhusu urushaji, na watayarishaji wa kipindi hawahusiki.

Uchaguzi wa muziki niupitie haraka. Kuna barua zinazoweka "watunzi wasiojulikana" kwenye orodha ileile ya viwango kushuka, na hizo ndizo zinazowaharibia wengine. Simfonia ya kwanza ya Florence Price, mtunzi Mmarekani mweusi, ilipigwa na okestra ya Chicago mwaka 1933, kisha kazi zake nyingi zikapotea machoni hadi makaratasi yake yalipokutwa mwaka 2009 katika nyumba iliyotelekezwa Illinois. Kupigwa kwake redioni ni kituo kufanya kazi yake. Muziki wa kutuliza ni hoja nyingine, na hapo una pa kushika: tangu Novemba 2024 BBC ina mkondo wa pembeni wa muziki huo, Radio 3 Unwind. Unaweza kuuliza kwa heshima kwa nini asubuhi ya mkondo mkuu nayo iuhitaji.

Kwamba barua za wasikilizaji hufanya kazi, historia inaonyesha, ila si barua zozote. Mwaka 1957 BBC ilipunguza saa za Third Programme, iliyoanza 1946 na ndiyo mama wa Radio 3. Waliopinga walikuwa na majina mazito, akiwemo mshairi T. S. Eliot na mtunzi Vaughan Williams, wakitetea hadhi ya utamaduni kwa jumla. Saa zilipunguzwa vilevile. Mwaka 1970 ibada ya jioni ya kwaya, Choral Evensong, ilifanywa ya mara moja kwa mwezi. Zikamiminika barua zaidi ya 2,000 na ikarudi kila wiki. Mwaka 2007 ikatolewa Jumatano na kupelekwa Jumapili, watu wakapinga tena, na 2008 Jumatano ikarudi. Ni kweli kurudisha kipindi kimoja ni rahisi kuliko kurudisha saa nyingi zenye gharama. Lakini wale wa Evensong walitaja kipindi, siku, na wanachotaka kirudishwe, na ofisini ikajulikana la kufanya.

Sasa njia. BBC hupokea malalamiko ndani ya siku 30 za kazi tangu kipindi kirushwe. Jibu la kwanza likiwa halijagusa hoja yako, una siku 20 za kazi kurudi ukieleza ni hoja ipi haikujibiwa; usiongeze mpya. Baada ya hapo kuna kitengo chao cha ndani cha malalamiko, kisha Ofcom, mdhibiti wa utangazaji Uingereza. Hizo ngazi za juu zinaangalia ukiukaji wa kanuni. Ukizipelekea "simfonia zimepungua" utarudishwa mlangoni. Suala la mwelekeo wa kituo lina nafasi zaidi kwenye kipindi cha Feedback cha Radio 4, ambako wahariri huitwa wajieleze hewani, na huko barua fupi yenye takwimu za wiki moja huwapa watayarishaji kitu cha kuwauliza.

Na kama unachokisikiliza ni Classic FM, iliyoanza Septemba 1992, sehemu kubwa ya haya haikuhusu. Hicho ni kituo cha biashara kilichoanzishwa kwa makusudi kupiga hasa sehemu moja moja ya kazi kubwa, na hakijawahi kuficha hilo. Kwa ukiukaji wa kanuni unaweza kuwaandikia wenyewe, au kwenda moja kwa moja Ofcom ndani ya siku 20 za kazi tangu matangazo. Kwa simfonia nzima, badili kituo.