Kabla hujaandika "Rais wa Marekani apitisha sheria", njoo tuongee

Nimerudi likizo juzi nikafungua script za wiki nzima za deski letu la habari za kimataifa hapa redioni. Jumatatu rais wa Marekani "apitisha sheria". Jumatano "atishia kuvunja Congress". Ijumaa kulikuwa na gavana "aliyeteuliwa na rais", hapo nikafunga kompyuta nikaenda kunywa chai. Nyie watoto nawapenda, mnafika mapema, Kiingereza chenu kizuri kuliko chetu tulipoanza, ila mtaniua, maana makosa ni yale yale tuliyofanya sisi mpaka nashangaa mmeyarithi wapi.

1. Rais mliyenaye kichwani ni wa huku. Tumekua na rais anateua mkuu wa mkoa asubuhi, jioni kamtengua, sasa ukisikia rais kagombana na gavana wa California mkono unaandika wenyewe "huenda akatumbuliwa". Hatumbuliwi. Gavana kachaguliwa na watu wa jimbo lake, rais atamnunia tu, au kama 2025 atawachukua askari wa Gadi ya Taifa wa jimbo hilo na wapelekane mahakamani. Congress nayo, yaani bunge lao lenye pande mbili, Wawakilishi na Seneti, hana uwezo wa kuivunja, wakimuudhi atavumilia mpaka uchaguzi. Na mawaziri wake sio wabunge. Marco Rubio alikuwa seneta wa Florida, Januari 2025 kapewa Mambo ya Nje ikabidi useneta auache. Ile "mbunge na waziri" iacheni Dodoma.

2. Amri sio sheria. Muswada unapita Bunge la Wawakilishi, unapita Seneti, ndio unafika mezani kwake. Amri ya rais ni maelekezo kwa serikali yake mwenyewe na lazima isimame juu ya katiba au sheria iliyopo, isiposimama inadondoshwa. Mwaka 1952, vita vya Korea vinaendelea, wafanyakazi wa viwanda vya chuma wanataka kugoma, Rais Truman katoa amri serikali ivichukue viwanda, Mahakama ya Juu ikamwambia 6 kwa 3 rudisha vya watu. Na Obama, huyu ananiuma kwa sababu huku tulimfanya mtoto wa nyumbani, Kenya walipewa mpaka siku ya mapumziko aliposhinda, tukaamini akisema basi imekuwa. Januari 22, 2009, hata wiki hana ofisini, kasaini amri gereza la Marekani la Guantanamo, kule Cuba, lifungwe ndani ya mwaka mmoja. Congress ikakataa kutoa hela ya kuwahamishia wafungwa Marekani. Miaka minane ikaisha, yeye kaondoka gereza lipo. Funguo za kabati la hela wanazo Congress, hilo liandikeni kwenye kiganja.

3. Kura ya turufu. Jina lenyewe linatuponza, kuna dogo aliniuliza kwa adabu kabisa, "kaka, rais anaenda kuipigia wapi?" Hapigi kura popote, anakataa kusaini na kuurudisha muswada na sababu zake. Congress wakipata theluthi mbili kila upande unakuwa sheria bila yeye. Trump alikataa ule wa ulinzi Desemba 2020, Seneti wakamalizia kuupitisha bila yeye Januari 1, 2021, watu wanakula pilau la mwaka mpya mimi niko shifti.

4. Impeachment. Hapa vuteni viti, ndio maana nimekuwa mkali.

Usiku wa kuamkia Desemba 19, 2019 nilikuwa peke yangu kwenye deski. Kama saa kumi na nusu alfajiri kwa saa zetu mashirika yote yakaanza kupiga kelele, Wawakilishi wamepiga kura, 230 kwa 197, Trump kawa "impeached". Mimi nina taarifa ya saa kumi na mbili ya kuandaa, usingizi umenishika shingo, neno lenyewe kichwani mwangu lilikuwa na maana moja tu, kung'olewa. Nikaandika "Bunge lamng'oa Trump madarakani". Ningeishia hapo ingekuwa afadhali, lakini nikajiuliza sasa nani anashika, nikajijibu makamu, nikaongeza kwamba Mike Pence anatarajiwa kuapishwa wakati wowote. Hakuna shirika lililosema hivyo. Nilitunga, yaani akili ilijaza pengo yenyewe kama mtu anayemalizia methali ya mwenzie.

Na kinachonitesa mpaka leo, runinga ilikuwa pale ukutani, sauti imezimwa, inamwonyesha Trump huyo huyo yuko Battle Creek, Michigan, anahutubia mkutano, anacheka, watu na kofia zao nyekundu. Nikamwangalia nikasema moyoni hawa nao wanarudia picha za zamani.

Taarifa ikasomwa saa kumi na mbili. Ikasomwa tena saa moja. Nikakabidhi shifti nikapanda daladala, na kabla hatujafika Mwenge konda anawaambia abiria "Trump kashatolewa, redio imesema", mzee mmoja anajibu haiwezekani, na mimi mjinga nikamgeukia nikamwambia shikamoo mzee, ni kweli, nimeandika mimi. Simu ikaita hapo hapo. Mhariri wetu, mama ambaye huwa hapandishi sauti, akauliza, "Mwanangu, Pence kaapishwa na nani?" Nilishuka kituo ambacho sio changu. Saa mbili redio ikawaomba radhi wasikilizaji, na ofisini nikabatizwa Makamu, jina ninalo hadi leo.

Sasa shikeni. Wawakilishi ndio wanaomfungulia rais mashtaka, hiyo ndiyo impeachment, wingi wa kawaida unatosha. Kesi inasikilizwa Seneti, Jaji Mkuu anaongoza kikao, na kumtoa kunahitaji theluthi mbili. Mpaka leo Seneti haijamtoa rais hata mmoja. Andrew Johnson 1868 aliponea kura moja, Clinton alipona 1999, Trump alipona mara mbili. Nixon msimweke humo, alijiuzulu Agosti 1974 kabla Wawakilishi wote hawajapiga kura. Siku hizi nawaeleza kwa Gachagua, yule aliyekuwa naibu rais wa Kenya, mnaelewa haraka, Oktoba 2024 Bunge la Taifa la Kenya lilipiga kura, ila kilichomtoa ni Seneti siku chache baadaye. Ningekuwa na mfano huo 2019 ungeniokoa.

5. Msamaha wa rais ni kwa makosa ya serikali kuu tu. Kesi ya jimbo hagusi, na impeachment msamaha hauifuti.

6. Vita vinatangazwa na Congress, mara ya mwisho 1942. Kupeleka majeshi marais wanapeleka kila siku, na tangu 1973 sheria inawataka waijulishe Congress ndani ya saa 48, kwa hiyo andikeni "ameamuru mashambulizi", "ametangaza vita" muifute.

7. Mihula ni miwili ya kuchaguliwa, katiba ilirekebishwa 1951 baada ya Roosevelt kushinda mara nne. Msiniulize kila wiki.

Ile impeachment ya pili ya Trump ilinikuta shifti tena, Januari 2021, 232 kwa 197, saa sita na nusu usiku. Nikaandika "afunguliwa mashtaka", nikasoma mara tano, nikampelekea mlinzi wa getini naye asome. Simu ikaita, mama.

"Makamu, ameondoka?"

"Hajaondoka mama. Anaondoka tarehe 20, muhula wake unaisha."

"Na Seneti?"

"Bado."

Akakata simu akalala.