Laurel na Chaplin chumba kimoja

Swali: Ndugu Mhariri, hapa Ujiji tumebishana sana barazani: je, Stan Laurel, yule mwembamba aliyeigiza na Oliver Hardy, aliwahi kufanya kazi na Charlie Chaplin? Msomaji, Kigoma.

Jibu: Aliwahi, tena kwa karibu. Laurel, aliyezaliwa Ulverston, Uingereza, mwaka 1890, alikuwa katika kundi la wachekeshaji wa jukwaani la Fred Karno lililokwenda Marekani mwaka 1910, naye ndiye aliyeandaliwa kushika nafasi ya Chaplin jukwaani endapo angeugua. Walipanga chumba kimoja ambamo kupika kulikatazwa. Laurel alisimulia kwamba yeye alikaanga huku mwenzake akipiga fidla, ili mwenye nyumba asisikie mafuta yakilia kikaangoni. (Wapangaji ni walewale!) Chaplin alihamia kwenye filamu mwishoni mwa 1913, naye Laurel aliungana na Hardy kuwa jozi baadaye, mwaka 1927.